Shairi la Upande wa Pili wa Ukuta

Ukuta wa sebuleni kwetu ni mwembamba. Aliyeujenga ama alikuwa na haraka, ama matofali yalimwishia, lakini simlaumu, maana kwa ajili yake nimesoma bila kuvaa sare. Upande mmoja mume wangu anafundisha Kiingereza. Upande wa pili mimi nashona.

Yeye huniita Fundi, nami namwita Mwalimu. Watoto wetu walipokuwa wadogo walidhani hayo ndiyo majina tuliyopewa na wazazi. Mwalimu alipigilia ubao sebuleni tangu mtoto wetu wa kwanza anatambaa, akapanga viti, akaanza kuwafundisha jioni watu wazima wanaorudia mtihani. Alipostaafu shuleni, masomo ya jioni hayakustaafu. Mimi kwa upande wangu nashona magauni na mapazia, napunguza suruali, na kuongeza viuno vya watu wanaonenepa huku wakiapa kwamba nguo ndiyo iliyosinyaa kwenye maji.

Mtu akishona hashughulishi masikio. Mkono uko kwenye kitambaa, mguu kwenye cherehani, masikio hayana kazi. Basi yangu yalikwenda shule. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini Mwalimu akiona wanafunzi wametumbua macho huwa anarudi kwenye Kiswahili, na hapo mimi nilikuwa mwanafunzi wake bora, asiyekosa hata siku moja na asiyejulikana.

Kila mwaka alifundisha shairi moja lile lile. Ni la zamani sana, la Mwingereza mmoja ambaye mifupa yake ilishakuwa udongo kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Mwalimu alikuwa akilitangaza kwa sauti ya mtu anayefungua sanduku la dhahabu: "Hili ni soneti. Hili ni shairi la mapenzi."

Mapenzi! Mimi upande wa pili nilikuwa nabana mdomo na pini zangu.

Maana shairi lenyewe lilikuwa hivi. Mwanamume anakwenda mahakamani kushtaki. Anamwambia hakimu kwamba nyumbani kwake ameingia mwizi, na mwizi huyo ni mwanamke. Hakuruka ukuta, alipita mlango wa mbele mchana kweupe, na mwenye nyumba ndiye aliyemfungulia. Kisha anataja vilivyoibwa. Kwanza kimya chake: nyumba ilikuwa tulivu, sasa mwanamke anaimba imba kutwa nzima. Pili, kiti chake cha dirishani, alichokuwa akikaa kusoma, sasa kina mwenyewe. Tatu, mshumaa, kwa sababu mwanamke hukesha nao mpaka uishe. Nne, kitanda, ambacho mwizi alikigawa nusu kwa nusu kisha akalalia nusu zote mbili. Mwisho, nyimbo zake za ujana: mwanamke amekosea kuziimba mara nyingi hata mwenyewe hakumbuki tena zilivyokuwa.

Sasa nisikilize vizuri. Kiti changu cha cherehani kiko dirishani. Nilikichukua wiki ya kwanza ya ndoa kwa ajili ya mwanga, na Mwalimu akahamia kwenye kigoda karibu na mlango, asiseme neno. Nikishona naimba. Usiku nikiwa na kazi ya watu taa haizimwi. Na kuhusu kitanda, mimi nalala mshazari, tangu utoto, mama yangu alikuwa akisema nimezaliwa nikiwa njiani kwenda mahali.

Kwa hiyo niambie, wewe ungefikiri nini? Aliyelitunga hakunijua. Lakini aliyelichagua alikuwa hai, anakula kwangu, na mwaka hadi mwaka alisimama mbele ya wageni akasoma mashtaka yangu, moja baada ya jingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo zake nilimshonea mwenyewe.

Jambo moja sikuwahi kulisikia, nalo ni mwisho wa shairi. Wanafunzi wetu hunywa chai somo likiisha, na mimi nilikuwa nimezoea kwamba Mwalimu akifika kwenye zile nyimbo za ujana, naacha cherehani naenda kuinjika. Jiko letu liko nyuma, ng'ambo ya kijia cha kuanikia nguo, na bomba likifunguliwa husikii hata jina lako likiitwa. Nikirudi na sinia ya vikombe nakuta darasa zima linacheka. Wakiniona wanazidi. Kuna wanaoinamisha uso, kuna wanaoniangalia kwa tabasamu. Mwalimu naye anajifanya anapangusa miwani.

Wananicheka, nikasema moyoni. Wameshajua mwizi ni nani.

Kumuuliza ningeweza. Ila kuuliza kungekuwa kukiri kwamba nasikiliza, na kwamba limeniuma, na mimi sikuwa tayari kumpa raha zote mbili. Nilijilipizia kwa njia yangu. Siku ya shairi, chai ya Mwalimu ilikosa sukari. Ya wageni tamu, yake kavu. Alikuwa akionja, anakunja uso, ananitazama, nami namtazama, kisha anakunywa yote. Tumeishi hivyo kwa raha, sisemi uongo. Ni mume mwema, hajawahi kuniinulia sauti, na watoto wametoka vizuri. Lakini hata kiatu kizuri huweza kuwa na kokoto, na kokoto langu lilikuwa ni hilo: nilitaka kujua kama mume wangu ananihesabu mwizi.

Mwaka huu koo lake likaleta taabu. Sauti ilianza kukwaruza, ikawa inakatika katikati ya neno, mpaka daktari wa koo akamchungulia na kusema kuna vinundu. Wakamtoa vinundu hivyo, akarudi nyumbani na onyo: asiseme neno lolote mpaka atakapoitwa kuangaliwa tena. Asinong'one pia, daktari alisisitiza, maana kunong'ona kunalichosha koo kuliko kusema. Akikaidi, sauti inaweza kubaki ya kukwaruza maisha yake yote. Mwalimu wa Kiingereza kuambiwa anyamaze ni sawa na bata kuambiwa asiingie majini. Alizunguka nyumba na kipande cha chaki mfukoni, akitaka chumvi anakwenda ubaoni.

Na mtihani ulikuwa wiki ile. Darasa la mwaka huu lilikuwa na watu wawili tu. Mmoja ni nesi, binti mwenye akili kali anayetaka kuendelea na masomo. Mwingine mlinzi wa benki, mtu mzima mwenzangu, ambaye kila mtu humwita Kamanda kwa jinsi anavyosimama. Shairi walikuwa wametangaziwa tu, hawajafundishwa. Walifika jioni ile wamenyong'onyea, wakakaa, wakamtazama Mwalimu, Mwalimu akawatazama, na chaki ikabaki mkononi.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na futi yangu ya kupimia shingoni. Sijui ni pepo gani aliyenisukuma.

"Nitafundisha mimi," nikasema.

Mwalimu aliandika ubaoni neno moja: *Wewe?*

"Mimi. Niulize swali."

Akaandika: *Soneti ni nini?*

"Shairi la mishororo kumi na minne," nikajibu, "kumi na miwili ya kusuka, miwili ya kufunga."

Chaki ilimdondoka. Kamanda akapiga makofi. "Mama, umesoma wapi?"

"Hapo," nikasema, nikaonyesha ukuta.

Basi tukaanza. Mwalimu akakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, mikono magotini, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Nesi alisoma kwa Kiingereza, mshororo kwa mshororo, mimi nikaeleza. Nakwambia sikukosea. Nilikuwa na maneno ya Mwalimu, vituo vya Mwalimu, hata kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya jambo muhimu. "Twende taratibu," nilisema, kama yeye. "Msikimbilie maana. Maana haina miguu, haiendi popote." Nikamwona kwenye kigoda anatabasamu kwa kujisikia mwenyewe kutoka mdomoni mwangu.

"Nafsineni ni nani?" nikauliza, maana yeye huwa hakosi kuuliza hilo.

"Mtunzi," akasema Kamanda.

"Hapana, baba. Tusimchanganye mtunzi na nafsineni. Mtunzi ndiye aliyeshika kalamu. Nafsineni ndiye anayesema ndani ya shairi. Huyu hapa ni mume mwenye malalamiko."

"Ana kesi," akasema Kamanda. "Ila ina udhaifu. Alifungua mlango mwenyewe. Sisi kazini ukifungua mlango mwenyewe huo si wizi, huo ni uzembe."

Tukacheka. Nilianza kuipenda kazi. Tukapita kimya, tukapita kiti, mshumaa, kitanda. Kwenye kitanda sauti yangu ilipungua kidogo, nikaikohoza irudi. Tukafika kwenye nyimbo za ujana, nikazieleza. Hapo miguu yangu yenyewe ikaanza kugeuka kuelekea jikoni.

"Bado miwili, Mama," akasema Nesi. "Ile ya kufunga."

Akaisoma. Yalikuwa maneno ya kale, yamejikunja, na mimi kichwani sikuwa na kitu. Nilitafuta sauti ya Mwalimu, nikakuta mlio wa bomba na birika. Nikasikia neno la hakimu, nikasikia neno la kurudi. Wote watatu walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema sijui. Lakini mtu aliyekaa na jambo miaka hiyo yote hakosi la kusema.

"Hapo," nikasema, "hakimu anamwona mwanamke ana hatia. Anaamuru arudishe kila kitu. Kimya, kiti, mshumaa, kitanda, nyimbo. Kisha anafukuzwa, na mwanamume anarudi nyumbani kwake kupumzika. Mwisho wa shairi."

Kamanda akatikisa kichwa polepole. "Haki imetendeka," akasema, lakini hakuonekana kufurahi.

Nesi alikuwa amekunja uso juu ya karatasi. "Lakini Mama, Mwalimu alituambia ni shairi la mapenzi. Sasa mapenzi yako wapi hapo?"

"Nami najiuliza hivyo hivyo, mwanangu. Najiuliza tangu ubao huo ulipopigiliwa."

Mwalimu alikuwa ameshasimama. Alikuwa anapunga mikono miwili kama mtu anayesimamisha gari, anatikisa kichwa, anakimbilia ubao. Akaandika *HAPANA* kwa herufi kubwa, akaanza kuandika mengine chini yake, haraka haraka, kwa ule mwandiko wake wa miguu ya kuku.

Nikachukua kitambaa nikafuta.

"Usiniandikie," nikasema. "Mimi si mwanafunzi wako. Kila mwaka unasimama hapa unanishtaki kwa watu. Kiti nilichukua, ndiyo. Taa nawasha, naimba, nalala vibaya. Kama vilikuuma ungeniambia mimi, usingemwambia kila anayepita na daftari. Na wakishanicheka nawaletea chai!"

Nilijua namwaga mtama kwenye kuku wengi, lakini gunia lilikuwa limeshatoboka. Kamanda aliangalia viatu vyake. Nesi alifunika mdomo kwa karatasi. Na Mwalimu, chaki hewani, alinitazama kama mtu aliyeishi nyumba moja miaka yote na leo ndiyo anaonyeshwa chumba asichowahi kukiingia. Midomo yake ilisogea bila sauti. Nikaelewa alichosema: sukari.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo sababu ya sukari."

Kisha nikageuka kwenda kuinjika chai. Mimi nikishindwa na maneno naenda jikoni.

Sikufika. Kitu kilinivuta shingo taratibu. Mwalimu alikuwa ameshika ncha ya futi yangu. Hakuivuta kwa nguvu, aliishika tu, kama ninavyoishika mimi nikimpima mtu. Akanionyesha kiti, kile cha mbele kabisa. Akanisubiri mpaka nikakaa. Kisha akasimama mahali pake mbele ya ubao, akakohoa kile kikohozi cha kabla ya jambo muhimu.

"Mwalimu, usithubutu!" Nesi akaruka. "Daktari amesema hata kunong'ona usinong'one!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu aliamua livunjike. Akasema. Sauti ilitoka kama mlango wa ghala, imejaa michanga, lakini ilikuwa yake.

"Hakimu anauliza," alisema, "anauliza, unataka nikurudishie vitu vyako?"

Akapumzika. Nikasikia bomba la jikoni likidondosha.

"Mlalamikaji anasema, hapana, Mheshimiwa. Sikuja kudai. Nimekuja kushtaki kwamba kuna vichache amevisahau nyumbani. Mwambie arudi, avichukue na hivyo."

Hayo tu. Ndiyo mishororo miwili niliyokuwa naikimbilia chai.

Nilikaa pale mbele kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaona ghafla wale wote waliowahi kucheka nikiingia na sinia, mwaka hadi mwaka, na nikaelewa walikuwa wakicheka nini. Walikuwa wamemwona mwizi mwenyewe amerudi kuchukua vilivyobaki, mikono yote miwili imejaa vikombe. Aibu ilinipanda, na nyuma ya aibu ikaja furaha kubwa hata nikashindwa kuificha. Nililia, sioni haya kusema, na nilikuwa nacheka wakati huo huo.

Kamanda alijifuta jicho kwa kidole gumba. "Basi ile kesi ilikuwa imefungwa tangu zamani," akasema.

"Nafsineni ni nani?" nikamuuliza mume wangu. Nilitaka kusikia.

Alijigusa kifua.

"Na sauti yako sasa, wewe mtu mzima usiyesikia? Daktari atasema nini? Ukiipoteza?"

Nesi alikuwa anamwashiria anyamaze, anyamaze kabisa. Mwalimu akamwinulia kiganja kumwomba nafasi kidogo. Akainama karibu na sikio langu.

"Ni moja ya vile vilivyobaki," akasema. "Ichukue."

Chai siku hiyo ilichelewa. Ya Mwalimu niliitia sukari ya miaka yote niliyomnyima, akaionja, akakunja uso kuliko siku zote, akanitazama, kisha akainywa yote.

Daktari alipomchungulia tena alichukia. Alitaka kujua nani alimsemesha mgonjwa. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi, Daktari. Sauti nimeiiba mimi." Hakucheka, akaongeza muda wa kunyamaza. Mwalimu alicheka kimya kimya njia nzima ya kurudi, mabega yakitikisika, nami nikaongea kwa niaba ya sote wawili. Nesi na Kamanda walifaulu. Kwenye mtihani, Nesi aliniambia, lilikuja shairi jingine kabisa, lakini alilisoma mpaka mshororo wa mwisho kabla ya kuandika neno.

Sauti imerudi, na inakwaruza kidogo, na daktari anasema huenda ikabaki hivyo. Darasa jipya limeanza. Juzi ilikuwa zamu ya lile shairi. Nilikuwa dirishani kwenye kiti nilichokiiba, na pindo la gauni mkononi, naimba chini chini nisichokijua vizuri. Upande wa pili Mwalimu alipita kimya, kiti, mshumaa na kitanda. Alipomaliza nyimbo za ujana akanyamaza. Nikasikia mwanafunzi mmoja anageuza karatasi, mwingine anakohoa. Bila shaka walidhani mzee amesahau neno.

Alikuwa anasubiri cherehani yangu inyamaze. Nikaondoa mguu, na mume wangu akaendelea.